Mstari Uliopita Chini ya Kitanda cha Yuliana

Mbagala Kizuiani,
6 Machi 1995

Mwalimu Gaudens,

Shikamoo. Hatujuani ila kwa wino, kwa hiyo nianze kwa kujitambulisha. Naitwa Mwanabaraka. Niliishia darasa la saba, nikaolewa, na sasa naishi Mbagala kwa mama mkwe wangu, Bi Farida. Kazi yake ni kusuka misala na vikapu, na kazi yangu ni kumsaidia na kusahihishwa. Mume wangu, Nassibu, yuko Tunduru na wenzake, wanachimba mawe ya rangi. Kabla hajaondoka ndiye aliyeniandikisha kwenye shule yenu ya posta, akasema afadhali nikae na vitabu kuliko kukaa na majirani. Nataka nifanye mtihani wa maarifa Novemba hii, halafu kidato cha nne, halafu Mungu akinijalia nifundishe. Hilo ndilo ninalolitaka duniani na sijalificha kwa mtu.

Uraia na Kiswahili nimevimaliza bila jasho. Kijitabu cha Aljebra kilipofika nilikifungua, nikakifunga, nikakifungua tena. Herufi katikati ya namba! Nikadhani wamekosea huko kiwandani. Lakini nikafuata ulivyoandika. 3x + 5 = 20. Ukiondoa tano huku, ondoa tano na kule. Ukigawa kwa tatu huku, gawa na kule. Nikapata x ni 5. Kisha nikafanya ulivyoagiza mwishoni, nikamrudisha 5 mahali pake: tatu mara tano, kumi na tano, ongeza tano, ishirini. Mwalimu, mwili ulinisisimka. Nilikuwa peke yangu uani, hakuna aliyeninong'oneza, na jibu lenyewe likaniambia kwamba ndilo.

Nina swali. Je, x alikuwa tano kabla mimi sijamtafuta? Au amekuwa tano kwa sababu nimemtafuta? Nimemuuliza mama mkwe, akaniambia nikapepete mchele.

Mwanafunzi wako,
Mwanabaraka


Manzese,
20 Machi 1995

Bi Mwanabaraka,

Marahaba. Mazoezi yako ni sawa, isipokuwa la saba, ambapo umeondoa upande mmoja ukausahau wa pili. Mlinganyo ni mitala: ukimnunulia huyu khanga, mnunulie na mwenzake siku hiyohiyo, la sivyo nyumba haikaliki. Mimi ni Mkristo wa Songea mwenye mke mmoja, lakini nimekaa Manzese vya kutosha, nimeona.

Swali lako halimo kwenye mtihani. Nimefundisha shule za serikali mpaka nikastaafu, na sasa nafundisha kwa posta, na sijapata kuulizwa hivyo. Jibu fupi ni kwamba x alikuwa tano kabla yako na kabla yangu, na atabaki kuwa tano tukishazikwa. Jibu refu silijui. Nililifikiria mpaka chai ikapoa.

Twende mbele. Mpaka sasa x alikuwa peke yake, na akiwa peke yake jibu ni moja. Mpe mwenzake, y, useme y = 2x + 1. Hapo kila x utakayemtaja anakuja na y wake, na majibu hayana mwisho. Huwezi kuyaandika yote, ila unaweza kuyachora. Sasa, karatasi ya grafu ni adimu, na ukiipata ni ndogo kama leso. Chora chini. Mbagala hamkosi mchanga. Piga mstari wa kulala, huo ni wa x. Piga wa kusimama, huo ni wa y. Inapokatana ndipo sifuri. Pima kwa wayo wako na uweke nukta kwa majivu zionekane. Nukta mbili zinatosha, lakini weka nne, hizo za ziada ni mashahidi. Na usichore padogo. Jambo kubwa lichorwe kubwa.

Mwalimu wako,
Gaudens Adelard


Mbagala Kizuiani,
3 Aprili 1995

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimechora. Sijui nianzie wapi kukusimulia.

Nilingoja mama mkwe aende sokoni, nikafagia ua, nikapiga mistari miwili kwa mchi. Nikaweka nukta: sifuri na moja, moja na tatu, mbili na tano, tatu na saba. Kisha nikachukua ukili, ule utepe wa mkindu tunaosukia misala, nikaunyoosha kutoka nukta ya kwanza mpaka ya mwisho. Zote nne zilikaa juu yake, hakuna iliyochepuka hata kidogo. Nikasema labda ni bahati. Nikajaribu nusu: x nusu, y mbili. Ikakaa. Nikajaribu robo: y moja na nusu. Ikakaa vilevile. Hapo nikaogopa, Mwalimu, nakwambia kweli. Kati ya nukta nilizoziweka mimi kulikuwa kumejaa nyingine ambazo sikuziweka mimi, na zilikuwapo siku zote, nilikuwa nazikanyaga nikienda kuteka maji.

Nikaendelea kuuvuta mstari kwa majivu mpaka ukafika kwenye ukuta wa chumba cha Yuliana, mpangaji wetu, mama mmoja wa Masasi. Nikajua mstari haujaisha pale, kilichoisha ni ua. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapima, nikauona unakotokea. Basi nilikuwa na furaha mno, nikamwambia dirishani:

"Yuliana, kuna mstari unapita chini ya kitanda chako."

"Mstari gani huo?"

"Hauonekani, lakini upo. Hauna mwanzo wala mwisho."

Akafunga dirisha. Jioni nikamsikia anaburuta kitanda kukipeleka upande wa pili. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Upande wa hasi nao nimeufuata. Unatoka uani, unavuka Barabara ya Kilwa, na kutoka hapo sijui unaelekea kwa nani. Ninapokwenda dukani siku hizi naukiuka kwa adabu.

Mazoezi nimeyaweka humu. Lile la −2x < 6 nimegawa kwa −2, nimepata x < −3. Naamini ni sawa.

Mwanabaraka


Manzese,
18 Aprili 1995

Bi Mwanabaraka,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni posta, watu wananisukuma. Kitanda cha Yuliana kimenichekesha. Zile nukta zako za nusu na robo hazikunichekesha. Nimewachorea watoto mstari huo maisha yangu yote na sijapata kuogopa. Nafikiri ilinipasa.

Naam, kosa. Umesema x < −3. Mjaribu sifuri. −2 mara sifuri ni sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko 6, kwa hiyo sifuri ni mwenyeji. Lakini kwa jibu lako umemfungia nje. Ukigawa au ukizidisha kwa hasi, alama inageuka: x > −3. Mtu mwenye namba kubwa kuliko mwenzake, wote wawili wakigeuziwa kuwa hasi, anakuwa mdogo kuliko yeye. Aliyekuwa juu anakuwa chini. Usiikariri hiyo, ijaribu kila mara kwa sifuri mpaka uizoee.

Sasa jambo lililo kubwa kuliko mstari. Andika y < 2x + 1. Angalia, hakuna "sawasawa", kuna "ndogo kuliko". Majibu yake hayakai juu ya mstari. Yamejaa upande mzima, na mstari umekuwa mpaka tu. Jaribu nukta moja yoyote isiyo juu ya mstari. Ikikubali, upande wake wote umekubali, mpaka mwisho wa dunia. Mwaga majivu upande huo wote uone ukubwa wake. Halafu weka sharti la pili juu yake, na la tatu, na utaona nchi ya majibu inajikata yenyewe mpaka inabaki na umbo.

Fanya hilo, kisha uniandikie. Nangoja.

Gaudens Adelard


Mbagala Kizuiani,
22 Mei 1995

Mwalimu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Mazoezi haya hapa, ila yale mawili ya kupaka majivu sikuyamaliza. Kwa sasa sitachora chini tena. Kama shuleni kuna karatasi ya grafu, hata kipande, naomba unitumie. Hakuna neno, ni mvua tu, uani pana tope.

Mwanabaraka


Manzese,
1 Juni 1995

Bi Mwanabaraka,

Mvua! Mazoezi yako mengine yana makosa ambayo mwezi wa tatu usingeyafanya, na hayo nayo utasema yamenyeshewa? Nimefundisha wengi kwa posta. Wote huanza na moto. Kisha inakuja mvua, unakuja msiba, linauma jino, na barua zinazidi kuwa fupi mpaka zinakoma. Nilidhani wewe hukuwa wa kundi hilo, na nilimwambia hivyo mke wangu.

Karatasi ya grafu hatuna. Kama umechoka, sema umechoka. Usiharibu stempu.

G. Adelard


Tunduru,
4 Juni 1995

Mke wangu Mwanabaraka,

Nakusalimu na namsalimu mama. Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo hauko sawa, na nitakwambia sababu.

Amefika huku kijana mmoja wa Mbagala. Tumekaa shimoni tunakula, akasema mbele ya wenzangu wote kwamba mke wa Nassibu siku hizi anapiga ramli. Kwamba unachora uani kwa majivu, alama ambazo hakuna anayezijua. Kwamba nusu ya ua haikanyagwi. Kwamba kuna jirani umempitishia kitu chini ya kitanda mpaka akakihama. Nilicheka ili nisipigane. Lakini tangu siku hiyo wenzangu hawataki kushuka shimoni pamoja nami. Wanasema unanifungulia mimi mawe na wao unawafungia. Nakaa juu nachekecha mchanga kama mtoto.

Mwana, nilikuandikisha usome, sikukuandikisha uganga. Nakupenda na wewe unajua. Lakini siwezi kulala nyumba moja na vitu hivyo, na siwezi kuhukumu nikiwa mbali. Mama yuko hapo, ana macho. Nimemwandikia, utamsomea mwenyewe. Akisema ni kweli, funga virago urudi kwenu Kilwa kabla ya Maulidi. Akisema si kweli, nitanyamaza. Neno la mama ndilo langu.

Nassibu


Mbagala Kizuiani,
19 Juni 1995

Mwalimu,

Shikamoo. Haikuwa mvua.

Nilimwaga majivu kama ulivyoniambia. Upande mmoja wote wa ua ukawa mweupe, na mimi nikasimama katikati nikiona kila chembe ya majivu pale ni jibu. Nilitamani kuwaita watu. Watu walikuja, lakini si kama nilivyotaka. Wapangaji wakaanza kupita ukutani wakikwepa majivu. Watoto wakakatazwa kucheza kwetu. Kisha mama mmoja akaja na kuku kwapani, akaniomba nimtazamie mwanawe aliyekwenda machimboni Mererani asirudi. Nikamwambia, "Mama, hii si ramli, hii ni aljebra."

Akasema, "Ndiyo hiyohiyo niliyoambiwa. Wanasema hiyo ndiyo kali."

Nikamrudisha na kuku wake, akaondoka akilia, na nikajua kwamba anadhani nimemnyima. Wakaja wengine. Nikiwakatalia wanazidi kuniamini. Ndipo nikaacha kuchora. Nikakuandikia habari ya mvua kwa sababu niliona aibu, maana wewe ulinipa kitu kikubwa na mimi nimekigeuza kuwa uvumi wa uchochoroni.

Sasa mume wangu amesikia, huko Tunduru. Ameandika kwamba mama mkwe ataamua. Akisema ni ramli, narudi Kilwa, na ndoa imekwisha, na mtihani umekwisha. Nilimsomea Bi Farida barua aliyoandikiwa yeye, maana hajui kusoma, na Nassibu aliagiza nimsomee mimi. Ningeweza kubadilisha maneno. Sikubadilisha. Alisikiliza mpaka mwisho akiendelea kusuka, kisha akasema, "Haya." Mpaka leo hajasema jingine. Kila asubuhi yeye ndiye aliyekuwa anayazoa majivu yangu bila kuuliza, na mimi nilidhani hajali.

Usije huku, nakuomba. Mwanamume mgeni akitokea kunitetea ndiyo nitakuwa nimekwisha kabisa. Makosa yale niliyafanya kwa sababu nilikuwa nalia. Sijachoka, Mwalimu. Naogopa.

Mwanabaraka


Manzese,
26 Juni 1995

Binti yangu Mwanabaraka,

Barua yangu ile ichome. Niliandika upuuzi. Nilikuwa na hasira ya mzee aliyedhani ameachwa tena, na wewe ulikuwa motoni kwa sababu ya agizo langu mwenyewe. Nisamehe.

Baada ya kusoma yako nilitoka nje, hapa Manzese, mbele ya banda la fundi seremala, nikachukua kijiti nikachora y = 2x + 1 chini. Sijui mara ya mwisho kuchora bila mwanafunzi mbele yangu ilikuwa lini. Nikaweka nusu. Nikaweka robo. Nikaweka robo ya robo. Fundi akaacha randa, akaniuliza, "Mzee, umepoteza nini?" Nikaendelea kuweka nukta. Mahali ninapoishi ni vibanda juu ya vibanda na mitaro, hakuna kilichonyooka. Na mstari ule ulikuwa umepita hapo kabla ya Manzese kuwa Manzese. Wewe uliuona mara ya kwanza tu.

Sitakuja. Lakini sikiliza. Usijitetee kwa mama mkwe wako, na usimweleze. Anayeeleza sana huonekana anaficha. Mpe ashike yeye mwenyewe. Lisiwe tatizo la kitabuni, liwe la kazi ya mikono yake, na majibu awe anaweza kuyapima bila wewe. Fanya mchana, mbele ya wote wanaosema.

Nakuombea kwa namna yetu, nawe omba kwa namna yenu.

Gaudens


Mbagala Kizuiani,
10 Julai 1995

Mwalimu wangu, baba yangu,

Shikamoo. Imefanyika.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Bi Farida alikuwa barazani kwake. Pembeni kulikuwa na bunda la ukili aliomaliza kuusuka, pima ishirini. Yeye hupima kwa mikono, ncha ya kidole hiki mpaka ncha ya kile, na kipimo chake hakijawahi kubishiwa Mbagala nzima. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Mama, ukili huu utatengeneza nini?"

"Vikapu na misala. Ndivyo vinavyotakiwa."

"Kikapu kinakula pima ngapi?"

"Mbili. Msala tano. Unajua hayo, unaniuliza ya nini?"

"Naomba ruhusa nichore."

Yuliana alikuwa mlangoni kwake, wapangaji wote wametoka, na nje ya uzio watu wamejipanga, maana habari ya barua ya Nassibu ilikuwa imeshaenea. Bi Farida akatikisa kichwa kukubali.

Nikachora. Vikapu mstari wa kulala, misala mstari wa kusimama. Ukitengeneza vikapu tu, ni kumi: nukta. Misala tu, ni minne: nukta. Nikanyoosha kamba kati ya nukta hizo, kisha nikamwaga majivu ndani, kati ya kamba na mistari miwili. Kwenye daftari ni 2x + 5y ≤ 20, lakini sikulitaja hilo. Nikasema tu, "Mama, kanyaga popote. Hatua za kwenda ni vikapu, hatua za kupanda ni misala. Ukikanyaga ndani ya majivu, ukili unatosha. Ukikanyaga nje, hautoshi. Mimi sitasema kitu. Utapima wewe."

Akavua ndala. Mwalimu, hakuna aliyekuwa amekubali kukanyaga majivu yangu tangu nilipoanza kuyamwaga. Akaingia. Akaenda hatua tatu, akapanda hatua tatu, akasimama. Kidole chake cha mguu kilikuwa nje kidogo tu ya kamba, upana wa kiganja.

"Vikapu vitatu, misala mitatu," akasema. "Hiyo nafanya siku zote."

"Uko nje, Mama."

"Kwa kidogo hivi?"

"Kwa pima moja."

Nilisikia mtu nje ya uzio akicheka. Bi Farida akarudi barazani, akachukua bunda, akaanza kupima. Mbili, mbili, mbili, akaziweka kando. Tano. Tano. Akaanza tano ya mwisho, na ukili ukaishia kwenye nne. Akaunyoosha mkono mtupu mbele yetu, kidole kikishika hewa mahali ambapo pima ya tano ingekuwa. Akaniangalia. Akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo maana msala wa tatu huwa nauunga vipande."

Akarudi uani, akakanyaga nne na mbili, ndani. Akapima. Zikabaki pima mbili. Akakanyaga tano na mbili, juu ya kamba kabisa. Akapima, na ukili ukaisha sawasawa, hakuna hata ncha iliyobaki. Hapo hakurudi barazani. Alisimama pale juu ya kamba na bunda mikononi.

Kisha akamwita Yuliana. "Njoo, wewe uliyehamisha kitanda. Chagua."

Yuliana akajivuta akaja, akafanya ishara ya msalaba, akakanyaga saba na moja. Akafumba macho, akahesabu mwenyewe kwa vidole: kumi na nne, na tano, kumi na tisa. Akafumbua. "Inatosha," akasema. "Inabaki moja. Mie nimejua! Mie mwenyewe nimejua!" Akaanza kurukaruka. Baada ya hapo watoto waliingia wote, na kila mtu anakanyaga na kupiga kelele za namba zake, mpaka majivu yakaisha miguuni mwao.

Yule mama wa kuku alikuwepo, amesimama peke yake kwenye uzio. Nilimfuata. Nikamwambia kwamba sasa ameona, kitu hiki hakijui mwanawe yuko wapi. Akasema ameona. Akasema laiti kingekuwa ramli. Nikamshika mkono.

Bi Farida hajatamka uamuzi wake. Amesema kesho kutwa nishike kalamu, ana barua ya kumtumia Nassibu Tunduru, na mimi ndiye nitakayeiandika.

Mwanao,
Mwanabaraka


Mbagala Kizuiani,
12 Julai 1995

Mwanangu Nassibu,

Anayeandika hapa ni mkeo, kwa sababu mkono wangu mimi unajua ukili tu. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka, hata litakalomuuma, na Yuliana ameketi hapa atalisoma nyuma yake.

Uliniachia niamue, nami nimeamua. Lakini kwanza kosa lake. Alichora uani kwangu bila kuniambia ni nini, akaniacha nizoe majivu na kuulizwa maswali sokoni. Nilinyamaza nikingoja aniambie, naye alinyamaza akidhani sitaelewa. Hilo nimemsema, amelia, limekwisha. Kosa langu ni kwamba aliponiuliza jambo nilimtuma akapepete mchele. Hilo nalo nimelisema, na limekwisha.

Si ramli. Ramli naijua. Ulipokuwa mdogo na homa zako, nilikupeleka kwa kila aliyekuwa na kibao cha mchanga kuanzia hapa mpaka Mkuranga. Hakuna hata mmoja aliyeniruhusu nikiguse. Ukiuliza mara ya pili, jibu linabadilika na wewe unaambiwa umekosa imani. Mkeo alinipa nikanyage mwenyewe, akanipa nipime mwenyewe, na nilipopima alikaa kimya. Nimepima tena jana alipokuwa kisimani, ili nimkamate. Jibu ni lilelile.

Sasa nikwambie la moyoni, na ulisikie vizuri. Uchawi nimeuona mwingi katika umri wangu na haujapata kunitetemesha. Hiki kimenitetemesha. Nasuka tangu sijavunja ungo. Na sikujua kwamba vyote ninavyoweza kuvisuka kwa bunda moja, na vyote nisivyoweza, vina mahali pake, na mpaka wake umenyooka, na umelala hapa uani kwangu siku zote nikifagia juu yake. Nilisimama juu ya mpaka huo kwa miguu yangu, mwanangu. Nilijihisi mdogo, na sikuona uchungu kuwa mdogo. Nimemwomba Mungu anisamehe kwa kudhani kwamba nimeshaona vyote alivyoviumba.

Waambie wenzako washuke nawe shimoni bila hofu. Mkeo hajui mawe yaliko. Angejua, ningemuuliza mimi kwanza.

Haendi Kilwa. Atafanya mtihani wake, na atakapomaliza huo ataingia mwingine, na mimi nitasuka mpaka amalize. Saa za mchana, baada ya adhuhuri, nimempa chumba chako asomee, na nimetangaza hapa nyumbani kwamba asisumbuliwe. Kwa hiyo ukirudi saa hizo utaukuta mlango umefungwa. Usiuvamie kama ulivyozoea. Piga hodi, ungoje akwambie karibu.

Mama yako,
Farida binti Abdulrahman